Sampuli ya pilipili kavu ya Guntur ilikuwa nyekundu, mzigo umefika umepauka. Tatizo liko wapi?

#1 Mzigo Njiani
Wakuu, salaam. Naagiza pilipili kavu kutoka Guntur, kule Andhra Pradesh nchini India, na huu ni mwaka wa tatu. Mizigo miwili ya mwanzo ilikuja safi. Huu umenivunja moyo.

Sampuli ya Teja, aina ya pilipili kali, niliyotumiwa ilikuwa nyekundu ya kung'aa, ukiivunja inalia kra, mbegu za manjano, ukisogeza pua tu unapiga chafya. Juzi nimefungua kontena: magunia ya mlangoni yana pilipili zilizopauka, wekundu wake umekuwa kama tofali la zamani, na nyingine zina ubavu mweupe kabisa. Safu ya juu magunia yana madoa ya maji na harufu ya uvundo. Muuzaji anasema alichopakia ndicho kilichokuwa kwenye sampuli. Wakala wa meli anasema kontena halina tundu hata la sindano. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, na fedha nimeshalipa.

Waliopita njia hii, naomba mnieleze rangi hupotelea wapi. Na mnaoleta pilipili mbichi, yenu yanafanana na haya au ni mengine?

#2 Nahodha Msaidizi
Pole sana mkuu. Madoa safu ya juu, uvundo safu ya juu, kontena halina tundu: hilo ni jasho la kontena. Mchana jua linapiga bati, unyevu uliomo kwenye magunia unapanda kama mvuke. Usiku bati linapoa, mvuke unagandamana darini na kudondoka tone moja moja juu ya mzigo. Kwa wiki tatu au nne baharini ni sawa na kuunyeshea mvua kila usiku.

Je, walitandika karatasi nzito darini na ukutani? Walitundika mifuko ya chumvi ya kunyonya maji? Kama hapana, jibu unalo.

#3 Bi Viungo
Nahodha, nakuheshimu, ila jasho linaeleza madoa na uvundo tu. Haliwezi kupausha gunia la mlangoni ambalo halikuguswa na tone. Hapo pana jambo lingine.

Mleta uzi, uliagiza mwezi gani?

#4 Mzigo Njiani
Bi Viungo, mkataba tuliufunga Novemba mwanzoni, meli ikaondoka mwisho wa mwezi. Nahodha, karatasi sikuona. Mifuko ya chumvi ilikuwapo minne, imejaa maji hadi inachuruzika.

#5 Bi Viungo
Basi sikiliza. Guntur wanavuna kuanzia Januari hadi Aprili hivi. Kipindi hicho soko la pilipili la pale, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa Asia, linafurika magunia. Kisichouzwa kinaingia maghala ya baridi, na mji ule una maghala hayo kwa makumi. Kuanzia hapo hadi mavuno mengine, unachouziwa ni cha ghala. Novemba hakuna pilipili mpya. Ulichopata, kikiwa kizuri sana, kina miezi saba au minane. Kikiwa kibaya, ni cha mwaka juzi kilichochanganywa na cha mwaka huu.

Sampuli wanachagua kwenye lundo jipya, kontena wanajaza la zamani. Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza, na tangu siku hiyo Teja naagiza Februari au Machi tu.

#6 Mkulima Kivuli
Bi Viungo, nakusahihisha kidogo. Si kweli kwamba Novemba hakuna pilipili mpya India. Madhya Pradesh, upande wa Khargone, wanavuna mapema kuliko Andhra, na Teja inalimwa huko pia. Novemba pilipili mpya ya huko inakuwa imeshaingia sokoni, na ikivunwa mapema mno au kuanikwa wakati mvua hazijakatika, inakauka na unyevu ndani. Mzigo wa mleta uzi unaweza kuwa mpya kabisa na bado ukawa mbaya.

Halafu ule ubavu mweupe si lazima uwe uzee. Guntur pilipili nyeupe-nyeupe wanaiita taalu, na inatengwa sokoni kama daraja lake la chini. Inatokana na tunda lililoungua jua, lililoliwa na wadudu, au lililopigwa na umande na mvua likiwa uwanjani. Wengi bado wanaanika chini, juu ya udongo au turubai, siku kumi hadi kumi na tano. Mvua ya usiku mmoja inatosha. Mkulima mwenyewe wala hafichi, anaweka rundo la taalu pembeni. Anayelichanganya ni mtu wa kati.

#7 Bi Viungo
Khargone nimeipokea, asante. Ila hebu tumuulize muuzaji wake: anayejiita wa Guntur atakubali kuandika kwenye mkataba kwamba pilipili ilitoka Madhya Pradesh?

#8 Jicho la Maabara
Nimefanya kazi ya kupima viungo kwa miaka, nichangie.

Rangi nyekundu ya pilipili ni karotenoidi, hasa kapsanthini. Adui zake ni mwanga, joto na hewa. Pilipili nzima huhifadhi rangi kuliko ya unga, kwa kuwa ganda linazuia hewa. Wanunuzi wakubwa hawasemi "nyekundu", wanaandika kipimo cha ASTA, chama cha wafanyabiashara wa viungo cha Marekani. Mleta uzi, mkataba wako ulitaja ASTA? Kama uliandika "nyekundu ya kung'aa", hiyo haishikiki popote.

Sasa unyevu. Wengi hukubaliana asilimia 11 kwenda chini. Ukizidi hapo sana, kuvu wanaamka. Lakini jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba pilipili iliyokauka kupita kiasi nayo hupoteza rangi haraka, kwa sababu hewa inashambulia karotenoidi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kontena moja linaweza kuwa na magunia makavu mno yanayopauka na magunia mabichi yanayoota kuvu, na yote mawili ni kosa la ukaushaji.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Pilipili kavu sana huvunjika ikishindiliwa kwenye gunia. Kwa hiyo wapakiaji huinyunyizia maji kidogo ilainike, ndipo waikandamize. Mkono ukiwa mzito, uzito wa gunia nao unaongezeka. Ninaona Nahodha na Bi Viungo wote wana kipande cha ukweli, ila mimi ningeanza kwenye chumba cha kupakia.

#9 Nahodha Msaidizi
Hapo kwenye kunyunyizia maji ndipo jasho langu linapopata malighafi. Mifuko minne ya chumvi imejaa hadi inachuruzika, maana yake mzigo uliingia na maji mengi. Sibishani na wewe, Jicho.

#10 Mbichi Daima
Mimi naleta pilipili mbichi, yangu ni mengine kabisa. Niwasimulie lililonikuta, mwenye sikio asikie.

Nilisoma kwamba Guntur wanahifadhi pilipili kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 6, zinakaa mwaka. Nikasema kumbe ndiyo siri. Nikaagiza kontena la baridi liwekwe nyuzi 4, pilipili kijani. Zimefika ngumu, zinang'aa, nikashukuru Mungu. Siku ya pili nje ya baridi vikaanza vishimo vidogo juu ya ganda, kama mtu amezichoma na ncha ya kalamu. Siku ya tatu zikalainika na kutoa maji, kikonyo kikawa cheusi. Nikapasua moja, mbegu zote za kahawia. Nilitupa zaidi ya nusu. Nililia, sitaficha.

#11 Jicho la Maabara
Pole dada/kaka. Nyuzi 4 ni za pilipili kavu! Mbichi ni tunda la nchi za joto. Chini ya nyuzi 7 linaumia kwa baridi, na maumivu hayaonekani hadi ulitoe kwenye joto, kama ulivyoshuhudia. Liweke nyuzi 7 hadi 10, unyevu wa hewa asilimia 90 hadi 95, na hata hapo una wiki mbili hadi tatu tu za uhai wake tangu kuchumwa. Safari ya meli ikizila zote, hakuna mashine itakayookoa. Ndiyo maana mbichi wengi wanapandisha ndege.

Na vile vile usilipakie pamoja na matunda yanayotoa gesi ya kuivisha, kama ndizi mbivu. Kijani inaanza kugeuka.

#12 Mbichi Daima
Ni dada. Asante, laiti ningekujua mapema. Sasa ni ndege tu, maboksi yenye matundu, na nachumisha asubuhi, zinapozwa kabla ya kufungwa. Kinachonisumbua siku hizi ni wadudu. Boksi moja likikutwa na funza wa nzi wa matunda, shehena nzima inazuiwa, hata kama cheti cha afya ya mimea kimegongwa muhuri vizuri.

#13 Fundi Forodha
Cheti hicho hutolewa na mamlaka ya kilimo ya nchi inakotoka mali, baada ya ukaguzi. Wapokeaji bado wana haki ya kukagua tena, kwa hiyo usikione kama kinga.

Na wadudu wana mkia mrefu. Mwaka 2021 vithripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza mimea, vya aina ya Thrips parvispinus viliteketeza mashamba ya pilipili Andhra Pradesh na Telangana. Wakulima wakapulizia dawa kwa wingi kujaribu kuokoa mazao. Unakwepa wadudu, unaangukia kwenye mabaki ya viuatilifu. Mwaka 2014 Saudi Arabia ilisimamisha pilipili mbichi kutoka India kwa sababu hiyo hiyo ya mabaki. Kabla hujalipa, omba kipimo cha mabaki cha shehena yako, usikubali cha mwaka jana.

Jingine dogo linaloumiza watu: msimbo wa forodha. Pilipili mbichi ni 0709.60. Kavu nzima ni 0904.21. Kavu iliyosagwa au kupondwa ni 0904.22. Nimeona mtu ameagiza ya kupondwa, ankara imeandikwa msimbo wa nzima, mzigo ukakaa bandarini huku gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku. Tarakimu moja tu.

#14 Asiyeuliza
Nimesoma yote. Mimi nina wazo ambalo hamjaligusa: labda mzigo ndio pilipili halisi, na sampuli ndiyo iliyodanganya. Vipi kama sampuli ilipakwa rangi?

#15 Bi Viungo
Asiyeuliza leo umeuliza, na jina inabidi ubadilishe 😄. Swali zito hilo.

#16 Jicho la Maabara
Halipuuziki. Mwaka 2003 rangi ya Sudan I, ambayo ni ya viwandani na hairuhusiwi kwenye chakula, iligunduliwa Ulaya kwenye pilipili ya unga na vyakula vilivyotengenezwa nayo. Umoja wa Ulaya ukaweka masharti ya dharura. Mwaka 2005 Uingereza waliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa ajili ya pilipili ya unga iliyokuwa na rangi hiyo. Tangu hapo Bodi ya Viungo ya India inapima pilipili ya kusafirishwa nje kutafuta rangi za Sudan na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu.

Ila hizo zilikuwa za unga. Kupaka pilipili nzima si kazi rahisi. Kinachotokea zaidi ni kuipaka mafuta kidogo ing'ae. Kile kipimo cha nyumbani cha kuisugua pilipili kwa pamba yenye mafuta kuona kama rangi inatoka, usikitegemee sana, maana rangi ya asili ya pilipili nayo huyeyuka kwenye mafuta. Maabara ndiyo itakayosema.

#17 Fundi Forodha
Ikiwa utapeleka maabara, ongeza sumukuvu. Kwa kuwa kuna uvundo, mimi nisingeuza hata kilo kabla ya majibu. Umoja wa Ulaya kwa pilipili kavu unaruhusu mikrogramu 5 kwa kilo za sumukuvu iitwayo aflatoksini B1, na 10 kwa jumla ya aflatoksini zote. Kuosha au kuanika tena hakuondoi sumu, kunaondoa harufu tu, na hapo ndipo hatari ilipo.

#18 Mkulima Kivuli
Naunga mkono. Na usichukue gunia moja tu. Sumukuvu haisambai sawasawa, ganda moja linaweza kubeba sumu ya gunia zima. Kanuni ya wazee wa biashara ni kipeuo cha pili: magunia 400, chukua kutoka 20. Juu, katikati, chini, mlangoni, ndani kabisa. Changanya, gawanya, funga lakiri.

#19 Kali Kuliko Zote
Wakuu naingia pembeni. Mleta uzi, ukali wake ukoje? Maana inawezekana ukabadilishiwa aina. Teja ni kali sana, watu wanainunua kwa ukali. Byadgi ya Karnataka imekunjamana, ukali wake ni mdogo, rangi yake ndiyo inayotafutwa, na tangu 2011 jina lake linalindwa kisheria India. Ukiambiwa Teja ikang'aa kupita kiasi, kaa chonjo.

#20 Bi Viungo
Kali, umeligeuza. Wake umepauka, Byadgi ingezidi wekundu. Na kwa umbo hata kipofu anazitofautisha kwa vidole: Teja nyembamba na laini, Byadgi mikunjo mitupu.

#21 Kali Kuliko Zote
Nilikuwa nazungumzia sampuli, si mzigo. Ila sawa, umbo limenishinda. Na wanaosema ukali uko kwenye mbegu waache. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, mwaka 1912 alipima ukali kwa ndimi za watu, wanaonja maji ya sukari yaliyochanganywa na dondoo la pilipili hadi wasihisi moto. Leo mashine inahesabu kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, yenyewe. Ulimi wa mtu wa kumi siku hiyo sijui ulikuwa na hali gani!

#22 Mzigo Njiani
Nimerudi. Asanteni nyote, nimenakili kila kitu kwenye daftari. Ukali uko palepale, Kali. Nimeonja, machozi yametoka. ASTA sikuandika mkatabani, Jicho, hilo nimelibeba. Leo nataka kuingia ndani kabisa nishushe safu za katikati.

#23 Nahodha Msaidizi
Simama hapo kwanza. Kontena lilifukizwa? Umeona tangazo la ufukizaji mlangoni, au vifuko vyenye unga wa kijivu kati ya magunia?

#24 Mzigo Njiani
Vipo vifuko viwili nyuma ya gunia la kwanza. Unga wa kijivu. Nilidhani ni chumvi nyingine.

#25 Nahodha Msaidizi
Ndugu yangu, toka nje! Hayo ni mabaki ya dawa inayotoa gesi ya fosfini. Ndiyo inayoua fukusi kwenye viungo, na inaua mtu vilevile. Fungua milango yote miwili, acha hewa ipite kwa saa kadhaa, na mwenye kipimo cha gesi apime kabla ya mtu yeyote kuingia. Usitegemee pua. Vifuko visishikwe kwa mkono mtupu wala visimwagiwe maji. Vijana wako wa kupakua waambie sasa hivi.

#26 Mbichi Daima
Mleta uzi tupe taarifa ukiwa salama. Pilipili zitangoja.

#27 Mzigo Njiani
Niko salama, vijana nao salama. Tulifungua milango tangu asubuhi, mpimaji amekuja mchana, ameruhusu saa kumi. Nahodha, sina maneno. Hakuna hata karatasi moja ya ufukizaji iliyoambatana na hati ya shehena.

Sasa yaliyomo. Katikati ya kontena magunia ni makavu, hayana uvundo, lakini pilipili zimepauka vilevile kama za mlangoni. Safu ya chini ni nyekundu zaidi, karibu na sampuli, na vikonyo vyake bado vina kijani kidogo. Nimepasua ganda la katikati: ndani njano iliyofifia, mbegu za kahawia.

#28 Bi Viungo
Mbegu za kahawia, kikonyo kimekauka, katikati pakavu. Hiyo ni ya ghala, ya msimu uliopita. Safu ya chini ni mpya. Wamechanganya, nilisema tangu #5.

#29 Mkulima Kivuli
Au makundi mawili ya msimu mmoja, moja lilikaa juani muda mrefu kuliko jingine. Mbegu hubadilika rangi kwa joto pia, si kwa umri tu. Ile ya chini yenye kikonyo cha kijani ndiyo inayonitia shaka ya Khargone.

#30 Jicho la Maabara
Mnaweza kubishana hadi mavuno yajayo. Mzigo Njiani, ile sampuli ya mwanzo bado unayo? Ilikaa gizani au dirishani?

#31 Mzigo Njiani
Ninayo, kwenye chupa, kabatini, haijaguswa na jua. Nimeweka maganda kwenye bahasha tatu: sampuli, katikati, chini. Kila moja nimeandika nambari ya gunia. Zile za juu zenye madoa nimezifunga peke yake kwa ajili ya sumukuvu. Kesho asubuhi napeleka zote, na muuzaji nimemwandikia asiguse fungu lililobaki kwake.

#32 Fundi Forodha
Mwandikie tena akutumie nambari za lakiri za kontena na picha za siku ya kupakia. Na picha ziwe na dari la kontena.